Mapafu ya ng'ombe hayaharibiwi na bakteria peke yao

Wafugaji wa Kisauni na Likoni, hapa Mombasa, huniuliza mara kwa mara: sindano zimeshapigwa, bakteria wamekufa, mbona ng'ombe bado anatweta? Jibu langu haliwafurahishi. Sehemu kubwa ya uharibifu mapafuni imefanywa na kinga ya ng'ombe mwenyewe.

Ng'ombe akipata nimonia, mshukiwa wangu wa kwanza huwa bakteria aitwaye Mannheimia haemolytica. Huyu si mgeni, kwani huishi puani na kooni mwa ng'ombe mzima bila kumdhuru. Mambo hugeuka mnyama akidhoofika: amesafirishwa kwa lori kutoka Garissa au Taita Taveta, ameshinda juani bila maji, amechanganywa na ng'ombe asiowajua, au virusi vimetangulia kupita. Bakteria huongezeka upesi, na kila pumzi inawashusha mapafuni.

Huko chini hukutana na makrofaji, chembe zinazolinda vifuko vya hewa. Ukuta wa bakteria una sumu ambayo makrofaji huitambua mara moja, nazo hutoa kemikali za kuita msaada. Mishipa midogo ya damu hulegea, na katika muda wa saa chache tu neutrofili, ambazo ni aina ya chembe nyeupe za damu, zinamiminika. Huo ndio mchochota, na mpaka hapo mwili haujakosea.

Lakini Mannheimia ana sumu nyingine, lukotoksini. Hii hujishika kwenye protini iitwayo CD18 iliyo juu ya chembe nyeupe za ng'ombe, mbuzi na kondoo. Chembe za wanyama wasiocheua haiziwezi, na za binadamu pia. Sumu ikiwa kidogo, huzichokoza neutrofili zimwage vimeng'enya na kemikali kali za oksijeni. Ikizidi, huzitoboa zikafa, na kila kilichokuwemo ndani kikamwagika. Vimeng'enya vilivyokusudiwa kumeng'enya bakteria sasa vinameng'enya kuta za vifuko vya hewa. Kuta zikiumia hutoa ishara zaidi, neutrofili zaidi zinakuja, na hizo nazo zinatobolewa.

Mwaka 1985 watafiti wa Marekani walipunguza neutrofili za ndama kabla ya kuwaambukiza, na mapafu ya ndama hao yakaumia kidogo kuliko ya wenzao. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba hata neutrofili zikiwa chache madhara hutokea, kwa hiyo tusizibebeshe lawama yote. Bakteria ana njia zake za kuumiza. Hata hivyo, mimi natibu nikiwa na hayo mawili akilini: mdudu na mchochota.

Kwa nini ng'ombe huzidiwa haraka? Mapafu yake ni madogo ukilinganisha na hewa anayohitaji, na yamegawanywa vyumba vyumba kwa kuta nene, hivyo chumba kikiziba hakipati hewa kutoka kwa jirani. Majimaji ya damu yanayovuja huganda na kuwa fibrini, yaani nyuzi za protini. Ukimpasua aliyekufa, sehemu ya mbele na ya chini ya pafu utaikuta nyekundu iliyoiva, ngumu kama ini, na juu yake utando wa manjano. Antibayotiki haiwezi kuiyeyusha fibrini hiyo. Ndiyo maana siku ya kwanza ina thamani kuliko chupa ghali ya siku ya nne.

Pamoja na antibayotiki huwa natoa meloksikamu, dawa ya kutuliza mchochota, miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito, mara moja. Homa inashuka, maumivu yanapungua, mnyama anarudi kula. Aliyekauka maji nampa maji kwanza, ili dawa hiyo isimuumize figo. Deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, ni hadithi nyingine. Najua inapendwa madukani, kwa sababu ng'ombe huinuka kesho yake na mwenye mali akafurahi. Inazima mchochota, kweli, ila inaizima na kinga wakati bakteria wangali hai, na mwenye mimba kubwa anaweza kuitoa.

Sasa kuhusu joto letu la Mombasa. Homa yenyewe ni kazi ya kemikali za mchochota zinazofika kwenye ubongo, lakini ng'ombe wa maziwa wa aina ya Friesian, katika joto la Februari, hutweta hata akiwa mzima. Nunueni kipimajoto, mpime alfajiri, si saa nane mchana. Nyuzi 38.5 ni kawaida. Akifika 40 alfajiri, tena anakohoa na amekataa majani, msingoje jioni.

Kabla ya sindano yoyote, papaseni tezi iliyo chini ya sikio na ile ya mbele ya bega. Zikiwa zimevimba, na puani mna povu, huenda ni ndigana kali ya kupe. Hiyo nayo hujaza mapafu maji, lakini inataka dawa tofauti kabisa. Na wakiugua kadhaa kwa mpigo, wakikohoa na kukonda, ofisi ya mifugo ijulishwe siku hiyo hiyo: homa ya mapafu ya kuambukiza haitibiwi kimyakimya bandani.