Je, Wajua Kwa Nini Gitaa la Mwaka 1943 Huuzwa Ghali Kuliko Pacha Wake wa Mwaka 1950?

Magitaa mawili ya modeli ya D-28 ya kampuni ya Kimarekani ya Martin, moja la mwaka 1943 na jingine la mwaka 1950, yakiwekwa mezani pamoja, macho yasiyozoea yatayaona kuwa ni mapacha. Umbo ni lile lile pana, na ubavu na mgongo ni wa mbao ya rozuudi ya Brazil. Hata hivyo, wakusanyaji hulipa zaidi, na mara nyingi zaidi sana, ili kulipata lile la mwaka 1943.

Sababu kubwa imejificha ndani. Chini ya kibao cha mbele hubandikwa vijiti vya mbao vinavyokiimarisha, kama mataruma yanavyoimarisha mashua. Kampuni ya Martin, iliyoanzishwa New York mwaka 1833 na fundi Mjerumani Christian Frederick Martin, ilianza katika miaka ya 1840 kuvipanga vijiti hivyo kwa umbo la herufi X, na mpangilio huo ndio uliokuja kuhimili mvuto wa nyuzi za chuma zilipochukua nafasi ya nyuzi za utumbo katika miaka ya 1920. Mafundi walivichonga vijiti na kuvipunguza kimo mahali mahali, ili kibao kitikisike kwa wepesi na kutoa besi iliyojaa. Wanamuziki walipozidi kufunga nyuzi nene, vibao vilifura na magitaa yakarudishwa kiwandani kutengenezwa; mwishoni mwa mwaka 1944 uchongaji huo ukakomeshwa. Magitaa yakawa imara zaidi, lakini sauti yake ikawa nyingine.

Wanunuzi wengi hutafuta dalili ya haraka, nayo ni utepe wa nakshi ya mifupa ya samaki unaozunguka ukingo wa kibao, ambao kiwanda kiliuacha kwenye D-28 karibu mwaka 1947. Dalili hiyo haitoshi, kwa sababu gitaa la mwaka 1946 linaweza kuwa na utepe huo ilhali vijiti vyake havikuchongwa. Ni afadhali kuingiza kioo kidogo na taa kupitia tundu la sauti, ukajionea mwenyewe.

Kupitia tundu hilo hilo utaiona namba iliyogongwa kwenye kipande cha mbao kinachoshika shingo. Martin ilianza kutoa namba hizo mwaka 1898, ikaanzia 8000 kwa kukadiria idadi ya magitaa iliyokwisha kuyatengeneza, na orodha ya namba kwa miaka inajulikana wazi. Magitaa yaliyotangulia hayana namba, bali yana mhuri unaotaja New York, ingawa kiwanda kilikuwa kimekwisha kuhamia Nazareth, Pennsylvania, tangu mwaka 1839. Mhuri huo hauthibitishi mahali gitaa lilipotengenezwa, na jambo hili huwachanganya hata wauzaji. Magitaa hayo ya karne ya 19 yaliundwa kwa nyuzi za utumbo, na anayeyafunga nyuzi za chuma huhatarisha kung'oa daraja (kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi juu ya kibao) au kupinda kibao.

Baada ya umri, mnunuzi hupima uasilia. Vanishi iliyopakwa upya, hata iwe nzuri kiasi gani, hushusha bei vibaya, kwa kuwa fundi hulazimika kuikwangua ile ya kwanza na mara nyingi huondoa pamoja nayo sehemu ya mbao. Ufa uliozibwa vyema hausumbui sana. Shingo iliyokwisha kung'olewa na kubandikwa upya kwa pembe sahihi haipaswi kumtisha mtu, maana mvuto wa nyuzi kwa miaka mingi huiinua shingo karibu kwa kila gitaa la umri huo. Anayekuta nyuzi zimepanda juu mno aihesabu gharama ya kazi hiyo ndani ya bei.

Zaidi ya hayo, rozuudi ya Brazil iliwekwa mwaka 1992 katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, chenye masharti makali kuliko vyote, hivyo anayelinunua gitaa la aina hiyo nje ya nchi yake hana budi kuuliza habari za vibali kabla ya kulipa.