Hapana, garimoshi halikuanza na Stephenson

Nafundisha ufundi wa mitambo. Kila muhula, siku ya kwanza ya somo la injini za mvuke, nauliza swali lilelile: nani alitengeneza garimoshi la kwanza? Darasa zima hunijibu kwa sauti moja, kama watoto wa chekechea wanaomwamkia mwalimu mkuu: "George Stephenson!" Muhula huu hata mkaguzi aliyekuja kunisikiliza, ameketi zake nyuma na daftari, aliitikia pamoja nao. Hapo nikaona nisipoandika nitapasuka.

Kwanza hilo neno "aligundua" mnalomtwisha. Hugunduliwa kitu kilichokuwapo: kisima, mgodi, uongo wa mtu. Mashine hubuniwa. Ukisema Stephenson "aligundua treni" umekosea mara mbili ndani ya maneno matatu.

Stephenson alitengeneza injini yake ya kwanza ya reli mwaka 1814, katika machimbo ya makaa ya mawe ya Killingworth, kaskazini mwa Uingereza. Aliiita Blücher, jina la jenerali wa Prussia. Kufikia siku hiyo, miaka 10 ilikuwa imeshapita tangu Richard Trevithick, fundi kutoka Cornwall, aendeshe injini ya mvuke juu ya reli huko Penydarren, Wales. Ilikuwa tarehe 21 Februari 1804. Injini ile ilivuta tani 10 za chuma na watu wapatao 70 katika mabehewa matano, kwa umbali wa karibu kilomita 16, ikachukua saa nne na dakika chache kwa sababu njiani walisimama kukata miti na kuondoa mawe. Safari yenyewe ilizaliwa na dau: mwenye kiwanda Samuel Homfray aliwekeana gini 500 na mwenzake Richard Crawshay kwamba mvuke utaweza kazi ile.

Sasa kaa vizuri, maana hapa ndipo wanafunzi wangu husinzia, na hapa ndipo penye jambo lenyewe. Injini za mvuke zilikuwapo tangu 1712, Thomas Newcomen alipojenga ya kwake ya kuvuta maji migodini. Lakini injini ya Newcomen haikusukumwa na mvuke. Mvuke uliingizwa kwenye silinda, ukapozwa kwa maji, ukanywea, na ile nafasi tupu ikaifanya hewa ya nje iibonyeze pistoni chini. Kazi ilifanywa na uzito wa hewa. James Watt aliiboresha kwa kuupoza mvuke katika chombo cha pembeni ili silinda ibaki ya moto, na makaa mengi yakaokolewa. Ila bado ilikuwa mashine ya presha ndogo, na presha ndogo inataka silinda kubwa. Mashine hizo zilijengewa nyumba yake. Nani ataiwekea nyumba magurudumu?

Trevithick alikata shauri kutumia presha kubwa. Mvuke wenyewe usukume pistoni, kisha utoke nje, basi. Hakuna kupoza, hakuna chombo cha pembeni. Silinda ikawa ndogo, injini ikapungua uzito, na ikawezekana kuipandisha juu ya magurudumu. Watt hakutaka kabisa kusikia habari ya presha kubwa, akisema ni hatari. Hakuwa amekosea kabisa: mwaka 1803 boila moja (chombo cha kuchemshia maji) ya Trevithick ililipuka Greenwich, uzembe wa mhudumu, watu wanne wakafa. Lakini fundi wa kweli hujulikana hapo. Trevithick hakurudi kwenye presha ndogo. Aliongeza vali ya pili ya usalama, na akaweka plagi ya madini ya risasi inayoyeyuka maji yakipungua ndani ya boila. Wanafunzi wangu wote huichora plagi hiyo kwenye mtihani, na hakuna anayejua imetoka wapi.

Mbona basi jina lake limezama? Kwa sababu ya reli. Injini ilikuwa na uzito wa tani zipatazo tano, na reli zilikuwa za chuma cha kalibu, kigumu lakini chepesi kuvunjika kama sahani. Injini ilipita, reli zikakatika. Mwaka 1808 alijaribu tena London: akazungushia uzio njia ya duara, akawatoza watu shilingi moja wapande. Reli ikavunjika tena, injini ikapinduka. Akachoka na mambo ya reli, akaenda zake Peru kwenye migodi ya fedha. Mwaka 1827, huko Cartagena, Kolombia, akiwa hana kitu, alikutana na kijana mmoja Mwingereza aliyempa pauni 50 za nauli ya kurudi kwao. Kijana huyo alikuwa Robert Stephenson, mwana wa George. Ningekuwa mtunzi wa tamthilia nisingethubutu kubuni mkutano kama ule. Trevithick alikufa Dartford mwaka 1833, akazikwa katika kaburi lisilo na alama.

Na kati ya Trevithick na Blücher kuna wengine. Huko Leeds, mwaka 1812, Matthew Murray na John Blenkinsop waliweka kazini injini iliyotembea kwa gurudumu la meno lililonasa kwenye reli yenye meno. Walitaka injini nyepesi isiyovunja reli, na waliogopa kwamba injini nyepesi ingeteleza palepale. Hiyo ndiyo iliyotangulia kuwaingizia wamiliki faida. Mwaka uliofuata William Hedley alianza kujenga Puffing Billy huko Wylam, na injini hiyo ipo mpaka leo katika jumba la makumbusho la sayansi London, kongwe kuliko zote zilizobaki duniani. Na Wylam ni wapi? Ni kijiji alichozaliwa Stephenson mwaka 1781. Mambo haya yalikuwa yakifanyika mlangoni pa kwao.

Wakati huu kuna mwanafunzi huninyoshea mkono kwa hasira: "Kwa hiyo mwalimu unasema Stephenson hakufanya kitu?" Tulia. Huyu ni mtu aliyejifunza kusoma akiwa na miaka 18, kwa mshahara wa mgodini. Alichokielewa kuliko wenzake ni kwamba injini na njia ni kitu kimoja. Mwaka 1816 alikuwa na hataza, pamoja na William Losh, ya reli za chuma cha kalibu. Kila reli ya namna hiyo ikiuzwa, naye anapata chake. Ilipojengwa njia ya reli kati ya miji ya Stockton na Darlington, alikuwa ameshaziona reli za chuma cha kufuliwa za John Birkinshaw, zisizokatika ovyo. Akawashauri wenye kampuni watumie hizo, na sehemu kubwa ya njia ikawekwa hizo. Akapoteza fedha, akakosana na Losh. Kama unataka kumsifu Stephenson, msifu kwa hilo. Mimi ningemwandika kwenye vitabu vya shule kwa reli kabla ya injini.

Mengine mnayoyaamini nitayapitia upesi.

"Rocket ndiyo treni ya kwanza." Rocket, injini ya akina Stephenson, ni ya 1829, soma tena hapo juu. Ilishinda mashindano ya injini huko Rainhill na zawadi ya pauni 500, baada ya mpinzani wake Novelty, kipenzi cha watazamaji, kuharibika, na Sans Pareil ya Timothy Hackworth kupasuka silinda. Tena aliyesimamia ujenzi wake ni Robert, katika karakana yao ya Newcastle. Boila yake ilikuwa na mabomba 25 ya shaba yaliyopitisha moto katikati ya maji, na wazo hilo lilitoka kwa Henry Booth, katibu wa kampuni ya reli, ambaye hakuwa hata mhandisi. Ufaransa nako Marc Seguin alikuwa ameshafika hapohapo kwa njia yake.

"Watt alipata wazo alipoona kifuniko cha birika kikirukaruka." Hadithi ya kulazia watoto. Watt alianza kwa kukarabati modeli ya injini ya Newcomen iliyokuwa mali ya Chuo Kikuu cha Glasgow. Alianzia kwenye kazi ya ukarabati, jambo ambalo vijana wangu wanaodharau ukarabati wangepaswa kulisikia.

"Stockton na Darlington, 1825, ndiyo reli ya kwanza ya abiria." Siku ya uzinduzi, ndiyo, watu walijazana juu ya mabehewa ya makaa. Baada ya hapo injini zilivuta makaa, na abiria wakavutwa na farasi mpaka mwaka 1833. Reli ya mvuke kwa abiria, yenye ratiba na njia mbili sambamba kutoka mji hadi mji, ni ya Liverpool na Manchester, iliyofunguliwa tarehe 15 Septemba 1830. Siku hiyohiyo Rocket ilimgonga mbunge William Huskisson, akafa. Naye huitwa mtu wa kwanza kuuawa na treni. Hapana: karibu na Leeds seremala mmoja aligongwa mwaka 1821. Mbunge aliandikwa magazetini, seremala hakuandikwa hivyo.

"Upana wa reli, milimita 1435, ulirithiwa kutoka magari ya vita ya Warumi." Hili huletwa na wasomaji wa WhatsApp. Stephenson aliuchukua kutoka njia za makaa za Killingworth, zilizovutwa na farasi, akaongeza nusu inchi baadaye ili magurudumu yasibane. Ingekuwa amri ya Roma, Trevithick asingetumia upana mwingine, wala mhandisi Brunel asingejenga reli yake ya zaidi ya mita mbili. Ilibidi Bunge la Uingereza litunge sheria mwaka 1846. Sisi wenyewe reli yetu ya upana wa mita moja ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na leo SGR, ya Kenya na ya Tanzania, inatumia 1435: kipimo cha mkokoteni wa makaa.

La mwisho ni kosa la lugha yetu. Kwa kuwa tunaita gari la moshi, nusu ya darasa huamini moshi ndio unaosukuma. Moshi hausukumi kitu. Ila mvuke uliokwisha kazi kwenye silinda huelekezwa juu kupitia dohani, na ukiruka kwa nguvu huvuta moshi nao, moto unapata hewa na kuwaka zaidi. Kadiri injini inavyojitahidi ndivyo moto unavyopulizwa. Trevithick aliliona hilo mwaka uleule wa 1804. Ukifika makumbusho ya reli pale Nairobi, usipoteze muda wote kupiga picha ubavuni mwa injini iitwayo Mount Gelai. Zunguka mbele, omba ufunguliwe ule mlango wa duara, kisha angalia chini ya dohani: utaona mdomo wa bomba umeelekezwa juu, katikati kabisa.