Baada ya Harusi Kuna Wakwe: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Shrek 2

Prince Charming amevuka milima, amekata jangwa, amevumilia upepo na jua, mpaka kafika kwenye mnara alimofungwa binti mfalme. Anavua kofia ya chuma, anatikisa nywele, anajipulizia dawa ya kinywa, kisha anasogeza pazia la kitanda. Aliyelala pale ni mbwa mwitu kavaa gauni la bibi kizee. Binti hayupo. Yuko fungate, na mume mwingine.

Ndivyo inavyoanza Shrek 2, katuni ya kampuni ya DreamWorks ya mwaka 2004. Binti ni Fiona, na mume huyo ni Shrek, zimwi. Kijana kafanya kila kinachotakiwa na ngano, hatua kwa hatua, kasoro moja tu: kachelewa. Filamu hii nimeitazama mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mwenye ndevu, na kila nikiitazama na watu nasikia maelezo yale yale kuhusu jinsi hadithi yake ilivyoundwa. Mengi yanapendeza kusikia, ila si ya kweli.

Dhana: Ngano huisha kwenye harusi, kwa hiyo sehemu ya pili ni kiraka cha kutafutia pesa.

Kwamba pesa ilitafutwa, sina ubishi. Ilipatikana pia, zaidi ya dola milioni 900 duniani kote. Filamu hiyohiyo ilichaguliwa kushindanishwa kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2004, jambo ambalo katuni hupata kwa nadra. Ninachobishia ni hicho kiraka.

Mfaransa Charles Perrault alipochapisha ngano zake mwaka 1697, ile ya binti aliyelala miaka mia hakuifunga pale binti anapoamka. Mwana wa mfalme anamwoa kwa siri, wanazaa watoto wawili, na hapo ndipo balaa linapoingia mlangoni: mama mkwe ana asili ya mazimwi. Mwanawe akienda vitani, bibi huyo anamwagiza mpishi amwandalie mjukuu wake wa kike, tena anataja na mchuzi wenyewe, ule wa kitunguu na haradali. Mpishi anachinja mwanakondoo na kumpelekea. Siku nyingine anamtaka yule wa kiume, anapewa mwanambuzi. Anamtaka mke wa mwanawe, anapewa nyama ya paa jike. Nusu hiyo ya hadithi imefutika kwenye vitabu vingi vya watoto, nasi tukazoea kuamini kwamba haikuwahi kuwepo. Perrault aliweka zimwi upande wa wakwe. Waandishi wa Shrek 2 wamegeuza meza: zimwi ni mkwe anayekuja kujitambulisha, na wenye kikao ni binadamu.

Na wala tusiende mbali. Katika ngano za Unguja alizozikusanya Edward Steere na kuzichapisha mwaka 1870, kuna kisa cha Sultani Darai. Maskini mmoja, kazi yake kuchakura jaani kama kuku, anaokota thumni na kununulia paa. Paa yule anasema. Anampelekea Sultani Darai almasi, anamposea bwana wake binti wa sultani, anamuua nyoka wa vichwa saba na kumtwalia bwana wake jumba la nyoka. Harusi imepita, mali ipo, mke yupo. Kama kanuni ingekuwa kwamba ngano huisha kwenye harusi, msimulizi angenyamaza hapo. Hanyamazi. Paa anaugua, anaomba chakula, na yule bwana anaamuru apewe uji wa mtama duni, huku mkewe akimsihi amhurumie mnyama aliyewafikisha pale. Paa anakufa. Usiku mke anaota yuko kwa baba yake; kunakucha, kweli yuko kwa baba yake. Mume anaota anachakura jaani. Kunakucha, na jaa ndilo hilo, na yeye ndiye huyo.

Mtu aliyelieleza jambo hili kitaalamu ni Mrusi Vladimir Propp, katika kitabu chake cha 1928. Alizichambua ngano mia za Kirusi akaorodhesha matukio 31 yanayofuatana kwa mpangilio uleule, na la 31 ni harusi. Wengi huishia kusoma orodha hiyo. Ila Propp aliongeza kwamba ngano moja inaweza kuwa na mizunguko kadhaa: kila likizuka ovu jipya au upungufu mpya, hadithi inaondoka upya. Upungufu wa Shrek 2 unaletwa na wapiga tarumbeta wakiwa na barua ya mwaliko: njooni ikulu, wazazi wa bibi harusi wanataka kumwona mkwe wao. Yeyote aliyewahi kupelekwa ukweni kwa mara ya kwanza, kavaa suruali ya kuazima, anajua kwamba hilo ni ovu la kutosha kuanzisha hadithi.

Dhana: Kila mhusika ana aina yake moja: huyu steringi, huyu adui, huyu rafiki wa steringi.

Hili ndilo kosa kubwa, na ndilo linalowafanya watu washindwe kuona ustadi wa filamu hii. Propp hakuainisha watu, aliainisha kazi. Zipo saba: adui, mtoaji wa kitu cha ajabu, msaidizi, binti anayetafutwa pamoja na baba yake, anayemtuma shujaa safari, shujaa mwenyewe, na shujaa bandia. Akasema wazi kwamba mtu mmoja anaweza kubeba kazi mbili au tatu, na kazi moja inaweza kugawanywa kwa watu kadhaa. Tazama kamati ya harusi mtaani kwenu: mjomba huyohuyo ndiye mshenga, ndiye mweka hazina, na siku ya siku ndiye anayeendesha gari la maharusi. Ukimwita kwa cheo kimoja umemkosea.

Mchukue Mfalme Harold, baba yake Fiona. Kwa Propp, baba wa binti ni mtu wa kutoa mitihani: leta hiki, shinda kile, nikupe mwanangu. Harold anaanza hivyo, mezani, wakati yeye na Shrek wanapogombania chakula kwa mikono kila mmoja akimkazia macho mwenzake. Usiku huohuo anageuka kuwa mtu wa adui: Fairy Godmother, mama wa uchawi ambaye pia ni mama mzazi wa Charming, anamchukua kwenye gari lake la kukokotwa na kumkumbusha deni la zamani. Harold anakwenda kwenye baa ya Poison Apple kukodi muuaji. Kisha anamwalika mkwe wake wawinde pamoja, kumbe anayewindwa ni mkwe.

Halafu kuna kile kikombe. Harold amekabidhiwa dawa ya mapenzi aitie kwenye chai ya binti yake, ili ampende mtu wa kwanza atakayembusu, naye awe Charming. Tunamwona na sinia, vikombe viwili, na baba anayemtazama mwanawe akiwa na huzuni. Kamera haituambii kilichotokea. Baadaye, ukumbini, Charming anambusu Fiona mbele ya wageni wote, kila mtu anasubiri, na Fiona anamshika kichwa na kumpiga kwa paji la uso. Harold alimpa kikombe kisicho na dawa. Muda mfupi baadaye anaruka mbele ya Shrek na kukinga uchawi kwa deraya yake, uchawi unarudi kwa mwenyewe, na Fairy Godmother anabaki mapovu. Kazi nne kwa mtu mmoja, na hakuna hata mara moja unapohisi kwamba mwandishi amembadilisha kwa nguvu, maana aibu yake ni moja toka mwanzo. Moshi ukitulia tunamkuta chura. Yeye mwenyewe ndiye aliyefichwa ndani ya sura ya kubandikwa, na kwa miaka yote hiyo alikuwa anamkataa mkwe kwa sababu anamjua mno.

Wahenga wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hapa nadhani methali imefaa upande wa pili: zimwi lilikuwa linaliwa na mtu anayelijua.

Paka mwenye mabuti naye ni hivyohivyo. Anaingia kama muuaji wa kukodiwa, Shrek anamwachia uhai, anaapa kumtumikia. Kwa kuapa huko anarudi kwenye kazi aliyokuwa nayo kwa Perrault, ileile ya paa wa Unguja, yaani mnyama mwerevu anayempandisha bwana wake. Punda, rafiki wa Shrek, ambaye katika filamu ya kwanza ya 2001 alikuwa na kazi hiyo peke yake, ananuna kama mke mkubwa. Huo wivu si mzaha wa kujazia dakika. Kazi ya msaidizi imegawanywa kwa wawili, na waandishi wamechekesha kwenye mgawanyo wenyewe.

Dhana: Adui mkuu ni Prince Charming.

Hapana. Huyo ni mtoto wa mama. Adui ni mama yake, Fairy Godmother, na Charming ni shujaa bandia, mtu ambaye kwa Propp hujitokeza kuelekea mwisho na kudai sifa za kazi asiyoifanya. Anafanya hivyohivyo kabisa: Shrek akishakunywa dawa ya kubadili sura na kuwa mwanaume mzuri, Charming anajitambulisha kwa Fiona kwamba ndiye Shrek. Fiona anahisi kasoro toka mwanzo. Sura imebadilika, sawa, lakini hata tabia?

Dhana: Filamu imezipindua ngano za asili, ambamo mama wa uchawi ni mwema daima na chura hubusiwa.

Ngano za asili zipi? Katika kitabu cha ndugu Grimm wa Ujerumani cha 1812, hadithi ya kwanza kabisa ni ya mfalme chura, na humo binti habusu mtu. Anamkamata chura kwa hasira na kumbamiza ukutani, naye ndipo anageuka kijana. Sinderela wa Perrault ana mama wa uchawi. Sinderela wa Grimm hana, anao mti uliootea kwenye kaburi la mama yake, na ndege. Kwa hiyo hakuna asili moja iliyopinduliwa. Kilichopinduliwa ni picha iliyotuganda kichwani kutokana na katuni za karne ya 20.

Kwa Fairy Godmother, hata hivyo, nakubali kwamba ukatili wake umebuniwa kwa akili. Mpwani atamwelewa haraka akimlinganisha na somo, yule mama anayemfunda mwari kabla ya ndoa na kujua siri zake zote. Sasa fikiria somo mwenye kiwanda, mwenye wafanyakazi na madumu ya dawa za furaha, na mwenye mtoto wa kiume anayetafuta mke. Bado anafanya kazi yake ya zamani ya kutoa vitu vya ajabu. Kilichoongezeka ni ankara.

Dhana: Kuna fomula moja ya dunia nzima, na filamu nzuri ni ile inayoifuata.

Wanaosema hivi huchanganya mambo mawili. Propp wa 1928 alieleza mpangilio wa matukio katika ngano za nchi moja, na hakudai kwamba kila ngano ina matukio yote 31. Mmarekani Joseph Campbell, mwaka 1949, alizungumzia visasili vya mataifa mengi na safari ya ndani ya mtu. Ukiipima Shrek 2 kwa Campbell utahangaika, maana steringi haendi kwenye giza lisilojulikana. Anakwenda kula chakula cha jioni.

Dhana: Steringi lazima abadilike ndipo ashinde.

Katika orodha ya Propp, shujaa hupewa sura mpya karibu na mwisho, kabla tu ya harusi. Filamu inaiweka sura hiyo mapema kidogo, kisha inaweka sharti: busu kabla ya saa sita za usiku, la sivyo kila kitu kinarudi. Saa zinalia. Shrek, akiwa bado mwanaume wa kupendeza macho, yuko tayari kubaki hivyo kwa ajili ya mkewe. Fiona anakataa. Anamtaka aliyemwoa. Kwa hiyo anayeamua kilele cha hadithi ni binti anayetafutwa, na uamuzi wake ni kutomruhusu shujaa abadilike.

Mwathirika wa uamuzi huo ni Punda. Yeye alikunywa dawa ileile akawa farasi mweupe wa kifahari, na saa sita zikipita anarudi kuwa na masikio yake. Hakuna aliyemuuliza. Watazamaji wengi wanasimama majina yanapoanza kupanda, kwa hiyo wanakosa kinachofuata: wageni wameondoka, ukumbi mtupu, Punda kakaa peke yake kwa unyonge, mara anatua mkewe, lile joka jekundu. Nyuma yake wanafuata watoto, nusu punda, nusu joka, wanaruka huku wakitema cheche. Punda anawatazama kwa furaha, anawahesabu kwa macho, na anasema itabidi atafute kazi.