Dakika 50 Bila Kukatizwa

Wiki iliyopita kiongozi kijana, ambaye hajatimiza miezi mitatu tangu akabidhiwe kikundi cha vijana cha kujifunza Biblia, aliniandikia kwa furaha kwamba alifundisha kwa dakika 50 na hakuna hata mmoja aliyemkatiza. Alitarajia nimpongeze. Naamua kumjibu hapa, kwa sababu yeye si wa kwanza kuamini kwamba kikundi kidogo ni ibada iliyopunguzwa watu, na kwamba kazi ya kiongozi ni kuihubiria ibada hiyo.

Sehemu ya lawama nalibebesha neno lenyewe, “mwanafunzi”. Tukisoma katika Mathayo 28 kwamba mataifa yafanywe kuwa wanafunzi, tunaona mara moja dawati, ubao na mtu mmoja aliyesimama mbele, ilhali mwanafunzi wa Injili yuko karibu zaidi na yule tunayemwita mwanagenzi: mtu anayekaa na fundi, akatazama anavyoshika randa, akapewa mbao aiharibu, kisha akaulizwa ameiharibu vipi. Marko 3:14 inasema wale kumi na wawili waliwekwa kwanza wawe pamoja na Yesu, na kutumwa kuhubiri kunatajwa baadaye. Sidharau mafundisho hata kidogo. Ila hayo kijana anayapata ibadani, kwenye semina na kambini, na siku hizi hata katika simu yake, wakati kikundi kipo kwa ajili ya jambo ambalo mimbari haiwezi kulifanya, yaani kumsikiliza.

Wamethodisti wa kwanza waliligundua hili karibu kwa bahati. Huko Bristol, Uingereza, mwaka 1742, walikuwa wakitafuta namna ya kulipa deni la jengo lao, wakakubaliana kila mtu atoe peni moja kwa juma, na kila watu kumi na wawili wakawekewa mmoja wa kuwazungukia na kukusanya. Wakusanyaji walipobisha hodi walikuta yasiyoonekana ibadani: huyu amelewa, yule anagombana na mkewe. John Wesley, kiongozi wao, alitambua kwamba hao ndio watu aliokuwa akiwahitaji siku zote, na tangu hapo kazi yao ikawa kuulizia hali ya nafsi ya kila mmoja, bila wao kulazimika kuwa wahubiri. Makundi hayo yaliitwa madarasa, jambo ambalo halinisaidii sana katika hoja yangu.

Mambo ya mpangilio nayapita haraka: wakizidi kumi na wawili wagawe, kaeni mviringo, anza na umalize kwa wakati, na kifungu kisomwe kwa sauti hata kama wote wanasema wamekisoma.

Kinachonikera hasa ni maswali. Mkishasoma mfano wa mtumwa asiyesamehe katika Mathayo 18 kisha ukauliza, “Je, ni vizuri kusamehe?”, hujauliza kitu, umewaomba waitikie. Waulize badala yake yule mtumwa alisamehewa deni kiasi gani na yeye alikuwa akimdai mwenzake kiasi gani, halafu waache wapige hesabu wenyewe: enzi hizo dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, talanta ilikuwa kama dinari 6,000, na huyu aliyesamehewa talanta 10,000 anamkaba mwenziwe koo kwa ajili ya dinari 100. Usiwatajie jumla, maana atakayeifikia mwenyewe na kushtuka hataisahau. Kisha uliza kwa nini mtu aliyetoka kupata nafuu kubwa namna hiyo awe mkali hivyo, na hapo hutakuwa na jibu moja sahihi, ambalo ndilo lengo. Mwishowe uliza ni nani wanayemdai wao.

Baada ya swali hilo la mwisho patakuwa kimya. Viongozi wengi hawakiwezi kimya hicho. Wanajijibu wenyewe kabla ya sekunde kumi kwisha, na vijana, ambao si wajinga, wanajifunza kwamba wakivumilia kidogo tu jibu litakuja bila jasho lao. Hesabu moyoni hadi ishirini. Jibu la kwanza litakuwa “tuombe na tusome Neno”, jibu ambalo hakuna awezaye kulipinga na ambalo halimgharimu aliyelitoa. Usilikatae. Muulize ni lini mara ya mwisho aliomba kuhusu jambo hilo na nini kilitokea, hata kama hakikutokea kitu.

Wananiuliza, “Na wakikosea?” Katika Luka 24 wale wawili wa njia ya Emau wanaulizwa wanazungumza nini, na anayeuliza, Yesu mwenyewe, anajua kila kitu, lakini anawaacha wasimulie habari yote hadi kwenye lile hitimisho lao lenye huzuni, ndipo anaanza kuwafundisha. Kwa hiyo ukweli usemwe, lakini baada ya kusikiliza. Ni baada ya muda gani hasa, sijui. Niliwahi kuliacha kosa la wazi kwa wiki mbili nikitumaini wenzake watamrekebisha. Hawakumrekebisha, na kijana yule aliondoka nalo.

Katika jambo moja tu sina subira hata kidogo: usiwaahidi kwamba kila watakachosema kitabaki siri. Tangu mkutano wa kwanza waambie kwamba ya kikundi hayatoki nje, isipokuwa mtu akiwa anadhuriwa au anataka kujidhuru, ambapo utamweleza mhusika anayeweza kumlinda, na kijana mwenyewe atajua kwamba umemweleza.

Hayo ndiyo ninayoyaamini, na bado kuna binti mmoja anayenivurugia. Alikaa katika kikundi changu mwaka mzima bila kujibu swali hata moja, nami nikahesabu ishirini zangu bure. Leo anaongoza kikundi chake mwenyewe, na nilipomuuliza ni nini kilichomsaidia, alitaja somo moja refu nililolifundisha peke yangu mwanzo hadi mwisho, siku ambayo nilikuwa nimechoka kuuliza maswali. Naomba ndugu yangu wa dakika 50 asiambiwe.