Tecno yako haijachoka, storeji ndiyo imejaa

"Fundi, si nilikuambia hizi Tecno ni za mwaka mmoja?" Maneno haya nimeyasikia mpaka siku hizi mteja hajamaliza nishashika bisibisi. Wiki hii yamekuja na nyongeza: mteja kashauriwa na shemeji yake auze Tecno Camon yake, aongezee hela, anunue iPhone 6s ya mtumba, "maana zile hazichoki". Haya, leo naandika, ili kesho nikiulizwa nitume linki niendelee na kazi.

Kwanza bei. Mtu anachukua Tecno Pop, ile ya bei ya chini kabisa, anailinganisha na Galaxy S iliyouzwa mpya kwa mamilioni, halafu anahukumu kampuni. Weka Pop 5 LTE pembeni ya Galaxy A03 Core: RAM (kumbukumbu ya muda ambayo programu zinafanyia kazi) GB 2, storeji GB 32, Android Go, ile Android nyepesi ya simu ndogo, zote mbili. Funika nembo uniambie utatofautisha vipi. Transsion ya Shenzhen, yenye Tecno, itel na Infinix, inatengeneza simu za kila bei, na ukinunua ya chini unapata vifaa vya chini. Hapo sina la kuongeza.

"Lakini fundi, mbona meza yako imejaa Tecno?" Kwa sababu mji umejaa Tecno! Mimi naona wagonjwa tu. Zile zinazodumu wenyewe hawanijui na hawana shida na mimi. Fundi anayekuambia kwa uhakika kampuni ipi inakufa zaidi anakupa hisia zake, na hisia zangu mimi zinabadilika kila Jumamosi kutegemea kilicholetwa.

Sasa kinachonikera. Simu "ikichoka", mara nyingi prosesa iko vilevile kama ilivyotoka kwenye boksi. Kilichobadilika ni storeji. Simu za bei ya chini nyingi zina eMMC, aina ya chipu ya storeji, na eMMC haiwezi kuandika juu ya kilichoandikwa. Inataka ukurasa mtupu, na ikifuta inafuta bloku nzima kwa mpigo. Nafasi ikiwepo, usafi huo unafanyika kimyakimya simu ikiwa imetulia. Storeji ikijaa, ukipiga picha moja tu chipu inaanza kuhamisha data huku na kule ipate pa kuandikia, na wewe unasubiri. Kibodi inachelewa kutokea. WhatsApp inafunguka nyeupe. Unalaani nembo ya nyuma.

Kuna dada aliniletea simu inayoganda kiasi kwamba ikiita hawezi kupokea. Nikafungua sehemu ya storeji, zimebaki megabaiti za kuhesabu. Ndani kuna video za kamati ya harusi, video ileile imeingia kutoka magroup matatu, na maua ya "Asubuhi njema" ya tangu simu inunuliwe. Ili apate nafasi alikuwa amefuta picha za watoto wake. Maua yapo! Nikazima upakuaji wa otomatiki, nikafuta marudio, nikaingia kwenye folda ya Sent, ambayo watu wengi hawaijui: picha na video unazotuma, WhatsApp inabaki na nakala zake. Simu ikaita, akapokea. Hakuna kuflashi (kupakia upya programu ya simu), hakuna kubadilisha chochote.

"Kwa hiyo fundi, haikuwa mbovu?"

"Ilikuwa imeshiba, dada."

Halafu njoo kwenye huu mchezo wa RAM. Boksi limeandikwa 8GB kwa maandishi makubwa, na chini, kwa maandishi ya kusomwa na sisimizi, 4GB+4GB. Hizo nne za pili si RAM. Ni kipande cha storeji kinachoazimwa. Tecno wanaita MemFusion, Samsung wanaita RAM Plus, kwa hiyo usinirudishie habari za kampuni. Mwisho wa kasi ya eMMC 5.1, kwenye karatasi, ni megabaiti 400 kwa sekunde, wakati RAM yenyewe inahesabiwa kwa gigabaiti. Tena storeji ileile iliyojaa maua ndiyo unaiongezea mzigo wa kuandikwa na kufutwa kutwa nzima. Sisemi haisaidii kabisa. Programu uliyoiacha nyuma inaweza kubaki hai muda mrefu zaidi. Ila kwenye GB 32 mimi naizima. Muuzaji anayekuhesabia RAM nane hapo, mwombe akuhesabie na chenji vilevile.

Vitabu vitakuambia eMMC inaripoti yenyewe uchakavu wake. Ni kweli, kuanzia toleo la 5.0 ina makadirio ya maisha kwa hatua za asilimia kumi kumi, na kifaa cha mafundi kama UFI Box kinayasoma. Siyaamini sana. Nimekutana na chipu inayojiita mpya ikafa mezani, na nyingine inayosema imepitiliza umri ikarudi kwa mwenyewe ikiwa nzima. Kwa hiyo nikikuambia "hii ina miezi michache", nabahatisha kwa uzoefu.

Betri haraka haraka: inachakaa kwenye simu zote, na joto inalichukia. Desemba 2017 Apple wenyewe walikiri kwamba programu yao ilipunguza kasi ya iPhone zenye betri iliyochakaa, 6s ikiwemo, ili zisizime ghafla. Mwaka 2020 Ufaransa ikawapiga faini ya euro milioni 25 kwa kutowaambia wateja. Na kwa masasisho ya mfumo, 6s iliishia iOS 15. Shemeji asome hapo mara mbili.

Tecno wana lawama zao za haki. Agosti 2020 chombo cha habari BuzzFeed News na Secure-D, watu wa usalama wa simu, walionyesha simu za Tecno W2 zilizouzwa zikiwa tayari na Triada na xHelper ndani, programu hasidi zilizokuwa zikila bando na kujaribu kuwaunganisha watu na huduma za kulipia wasizoziomba. Transsion walimtupia lawama mgavi ambaye hawakumtaja. Na masasisho kwenye simu za chini ni kilio. Ulaya, tangu Juni 2025, modeli mpya inatakiwa ipate masasisho miaka isiyopungua 5 baada ya kuacha kuuzwa, na betri ibaki na asilimia 80 baada ya kuchajiwa mizunguko 800. Simu ya Kariakoo haibanwi na sheria hiyo.

Mimi natumia Camon, muda sasa, na sina mpango wa kuiuza. Niliichagua kwa storeji. Ukienda dukani uliza GB ngapi, eMMC au UFS (aina ya storeji yenye kasi zaidi), na masasisho mpaka lini. Piga *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu, uitume kwenda 15090 uhakiki kama simu ni halali. Kama hela inatosha kimoja tu, chukua GB 128 yenye kamera ya kawaida, uiache GB 64 yenye kamera tatu. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae.