Silaha ya leza ya kwenye gari: maana yake, na kwa nini mambo huishia kwenye rejeta

Silaha ya leza ya kwenye gari ni mtambo unaogeuza umeme kuwa mwale mwembamba wa mwanga, kisha kuushikilia mwale huo mahali pamoja juu ya kitu kinachoruka mpaka pale paungue, payeyuke au patoboke. Neno lenye uzito hapo ni kuushikilia. Risasi ikishatoka mtutuni, imetoka, kulenga kumekwisha. Leza haigongi wala hailipui. Inapasha moto tu, na hakuna kitu kinachoiva papo hapo, kiwe bati au ugali.

Mtoto yeyote aliyewahi kuchoma karatasi kwa lenzi juani anaijua fizikia yake. Mkono ukitikisika, karatasi haiwaki. Wingu likipita, haiwaki. Lenzi ikiwa chafu, inachelewa. Silaha hizi za mamilioni ya dola zinasumbuliwa na mambo hayohayo matatu, na la nne ambalo mtoto wa lenzi halimhusu: joto la mashine yenyewe.

Tuanze na hesabu. Jua la saa sita mchana, anga likiwa jeupe, linashusha karibu wati 1,000 kwenye mita moja ya mraba. Leza ya kilowati 50, ambayo ndiyo saizi iliyofungwa kwenye magari ya deraya ya Stryker ya jeshi la Marekani, ikikusanyika kwenye doa la upana wa sentimita 5 inafikisha karibu wati 2,500 kwa kila sentimita ya mraba. Ni mara 25,000 ya jua hilo. Doa la sentimita 5 lina sababu yake: kioo cha kurushia mwale chenye upana wa sentimita 30, kwa umbali wa kilomita 2, kwa nadharia kingeweza kutoa doa lisilofika sentimita 2, lakini mtikisiko na hewa hulitanua mara mbili au tatu.

Sasa chukua bati la alumini la unene wa milimita 1. Kuliyeyusha kwa upana wa doa hilo kunataka takriban kilojuli 5 zilizoingia kweli ndani ya bati. Kuingia ndiko kwenye shida. Alumini safi hurudisha sehemu kubwa ya mwanga huu. Ikimeza sehemu moja kwa kumi, basi kati ya kilowati 50 ni 5 tu zinazofanya kazi, na tundu linapatikana baada ya sekunde moja, kama hakuna upepo unaopoza bati na kama doa halichezi. Vyote viwili vipo, kwa hiyo hesabu ya kweli ni sekunde kadhaa. Droni nyingi ndogo ni za plastiki na nyuzi za kaboni, vitu vinavyomeza mwanga vizuri na kuharibika mapema. Mara nyingi haihitajiki hata kutoboa: kuchoma kamera, waya wa mota au ukingo wa bawa kunatosha kuiangusha. Bomu la mzinga lenye ganda nene la chuma ni habari nyingine kabisa, na kwa leza ya kilowati 50 muda wa kulichoma unaweza kuzidi muda ambao bomu lenyewe liko hewani.

Wengi huuliza kwa nini adui asipake droni yake rangi inayong'aa kama kioo. Anaweza, na atapata sekunde chache za ziada. Ila kioo hicho kikishika vumbi au mikwaruzo kinaanza kumeza mwanga, kikianza kumeza kinachafuka kwa joto, na kikichafuka kinameza zaidi.

Ndani ya gari kuna nini? Mitambo ya zamani ilitumia kemikali. Ule wa THEL, wa Marekani na Israeli, uliangusha roketi za Katyusha mwaka 2000 kwenye eneo la majaribio la White Sands, lakini ulikuwa na ukubwa wa makontena na ulitegemea gesi za sumu. Hakuna kamanda anayetaka shehena ya namna hiyo imfuate porini. Kilichofungua njia ya kuweka leza kwenye gari ni leza ya nyuzi za kioo, ndugu wa mkongo unaoleta intaneti. Injini inazungusha jenereta, jenereta inajaza betri za lithiamu, na betri ndizo zinazomwaga umeme wakati wa kufyatua, maana mwale wa kilowati 50 unataka umeme wa kilowati 150 hivi, na hizo kwa ghafla ni nyingi kwa jenereta inayoenea kwenye gari. Umeme unaingia kwenye diodi zinazotoa mwanga. Mwanga huo unapenyezwa kwenye nyuzi za kioo zilizotiwa madini ya itabiamu na kutoka ukiwa mwale safi wenye urefu wa wimbi wa karibu maikromita 1.07, usioonekana kwa macho. Uzi mmoja hutoa kilowati chache tu, hivyo nyingi huunganishwa ziwe mwale mmoja kabla ya kufika kwenye kichwa kinachozunguka juu ya gari, chenye kioo, kamera na mota zake.

Dereva yeyote wa semi anayepandisha mzigo Kitonga anajua kwamba kinacholaza gari mlimani mara nyingi si uchache wa nguvu. Ni ule mshale wa joto kwenye dashibodi. Leza iko hivyohivyo. Kati ya umeme unaoingia, karibu theluthi moja ndiyo inayotoka kama mwale. Kilowati 150 zinaingia, 50 zinaenda kwa adui, na 100 zinabaki ndani ya gari zikiwa joto tupu. Ufyatuaji mmoja wa sekunde 5 unaacha kilojuli 500, zinazotosha kupandisha lita 10 za maji kwa nyuzi 12. Fyatua mara 6 mfululizo bila kupumzisha mashine, na maji yaliyoanza na nyuzi 18, kama ya bomba la Mbeya asubuhi ya Julai, yamefika 90. Kwa mwinuko wa Mbeya, karibu mita 1,700, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi.

Na diodi hazisubiri maji yachemke ndipo zilalamike. Kila joto likipanda nyuzi 1, rangi ya mwanga wao inahama kwa takriban nanomita 0.3. Itabiamu inameza vizuri sana mwanga wa nanomita 976, lakini utepe huo ni mwembamba. Diodi zikipata joto la nyuzi 10 zaidi, zimehama nanomita 3. Nyuzi za kioo zinaanza kuupitisha mwanga badala ya kuumeza, mwale unapungua nguvu, na ule mwanga usiomezwa unakwenda kuwa joto mahali ambapo hapakutakiwa joto. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mzigo wa gari la leza ni mambo ya kupoza: tangi la maji yaliyokwisha kupozwa ili yabebe joto la ufyatuaji wa mwanzo, pampu, friji, rejeta na feni za kulitoa joto hilo nje taratibu. Hewa ya Mbeya ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15, kwa hiyo feni ileile inabeba joto pungufu huku kuliko Dar es Salaam, ingawa ubaridi wa nyanda za juu unafidia. Mtengenezaji anayepima mtambo wake usawa wa bahari tu atashangazwa na milima.

Hili halijabaki kwenye karatasi. Mapema mwaka 2024 Marekani ilipeleka Stryker nne za kilowati 50 Mashariki ya Kati. Mei mwaka huohuo Doug Bush, aliyekuwa msimamizi wa manunuzi ya jeshi lao la nchi kavu, aliwaambia maseneta kwamba nguvu hiyo inawapa taabu kuiweka kwenye gari linalohama kila mara. Alitaja utoaji wa joto, wingi wa vifaa vya elektroniki na uchakavu wa gari la vitani ukilinganisha na mtambo uliokaa mahali pamoja. Hakusema mwale ni dhaifu. Shida aliyoieleza ni ya mbebaji.

Mtikisiko nao una hesabu yake. Doa la sentimita 5 likitakiwa libaki palepale kwenye bawa lililo umbali wa kilomita 1.5, kichwa cha leza kisipotoke hata kwa pembe ambayo kwa mita 100 ingekuwa milimita 3 na ushee. Injini ikinguruma tu inazidi hapo. Kwa hiyo kazi inagawanywa: rada inasema droni iko upande gani, kamera pana inaitafuta, kamera nyembamba inaishika, mota kubwa zinageuza kichwa, halafu kioo kidogo chepesi kinarekebisha mara mamia kwa sekunde. Kwa kawaida gari linasimama kwanza. Kufyatua huku gari likirukaruka kwenye makorongo ni picha ya matangazo zaidi kuliko kazi.

Halafu kuna hewa, na hapa Nyanda za Juu Kusini ni darasa zuri. Kuna asubuhi za barabara ya Uyole kwenda Tukuyu ambapo dereva haoni zaidi ya mita 500 mbele. Katika ukungu huo, mwale unaosafiri kilomita 1 unafika ukiwa na sehemu 4 tu kati ya 10,000 za nguvu zake. Kilowati 50 zimekuwa wati 20. Hiyo ni taa ya jikoni. Ukiongeza leza iwe kilowati 100, unapata taa mbili za jikoni. Hakuna nguvu inayofungwa kwenye lori itakayoshinda ukungu wa namna hiyo, na droni inayojiongoza kwa setilaiti haijali kama kuna ukungu au hakuna.

Kiangazi kina mambo yake. Vumbi la Usangu na moshi wa kuchoma majani ya Septemba hautawanyi mwanga tu, unaumeza pia. Hata vumbi lisilofika hewani mbali lina madhara: chembe moja ikitua kwenye dirisha la kioo ambamo mwale unatokea, inapata moto, inaunguza utando wa kioo, doa linakua kila unapofyatua, na mwishowe kioo kinapasuka. Kwa hiyo kichwa hufunikwa gari linapotembea, na kioo hukaguliwa na kusafishwa kabla ya kazi, kwa vifaa vyake na bila kukwaruza. Kukifuta kwa shati ni kukiharibu.

Siku yenye anga safi bado kuna hila moja. Mwale wenyewe unapasha hewa unamopita. Hewa yenye moto inatanuka na kufanya kazi kama lenzi mbaya inayotawanya mwale. Upepo wa pembeni unasaidia kwa kuleta hewa mpya, na droni inayokatiza inasaidia kwa sababu mwale unahama. Inayokuja moja kwa moja, siku isiyo na upepo, ndiyo ngumu, na kwa bahati mbaya ndiyo hasa inayokuja kukupiga. Hapo kuongeza nguvu kunaweza kuzidisha tatizo.

Kuhusu bei, sifa zinazosemwa ni za kweli lakini nusu. Uingereza ilitangaza Januari 2024 kwamba leza yake ya DragonFire inafyatua kwa gharama ya kawaida isiyofika pauni 10. Ukipiga hesabu ya umeme peke yake ni kidogo zaidi: kilowati 150 kwa sekunde 5 ni karibu uniti 0.2, ambayo kwa bei ya LUKU haifiki hata shilingi 100. Kombora moja la kujihami la Patriot, la aina ya PAC-3 MSE, ni takriban dola milioni 4. Lakini bei ya haki ya leza inahesabiwa kwa sekunde. Ikiwa kila droni inakula sekunde 5 za kuchoma na 3 za kuhamia inayofuata, na zinaonekana zikiwa zimebakiza sekunde 40, gari moja litaangusha tano. Zikija kumi, tano zinapita, hata kama umeme ungekuwa wa bure. Bunduki ya milimita 30 haina adabu hiyo ya kupanga foleni, wala haiogopi ukungu. Ndiyo maana majeshi yanayoichukulia leza kwa uzito yanaipanga pamoja na mizinga, makombora na vifaa vya kuvuruga mawasiliano. Israeli, yenye leza ya Iron Beam ya kilowati 100, inaiweka kando ya Iron Dome, mfumo wake wa makombora ya kuangusha roketi, na makombora hayo yamebaki kazini.

Mlima nao ni ngao. Mwale unakwenda mstari ulionyooka; droni iliyojificha nyuma ya kigongo haifikiwi mpaka ijitokeze, na ikijitokeza imeshakaribia.

Upande wa sheria, Itifaki ya nne ya mkataba wa kimataifa wa kudhibiti baadhi ya silaha za kawaida, iliyopitishwa Vienna Oktoba 1995 na kuanza kutumika 1998, inakataza leza zilizobuniwa mahsusi kupofusha watu kwa kudumu. Haikatazi kuchoma droni. Hata hivyo mwale wa maikromita 1.07 unafika hadi nyuma ya jicho bila kuonekana, kwa hiyo jicho halikonyezi kujikinga kama linavyofanya mbele ya cheche za fundi wa kuchomelea. Mng'ao unaorudi kutoka kwenye bati la droni unaweza kuumiza askari aliye pembeni, na miwani ya jua haimsaidii. Vilevile mwale uliokosa hauanguki chini kama risasi iliyochoka. Unaendelea juu, kilomita nyingi. Kabla ya kufyatua, gari lazima lijue ni ndege gani iko nyuma ya droni ile, kwenye mstari huohuo, na kama iko, kidole kinabaki nje ya kitufe.