Nadharia ya chuma: kwa nini hedhi ilihusishwa na usalama wa moyo

Nadharia ya chuma ni maelezo yanayosema kwamba wanawake ambao hawajakoma hedhi hupata shambulio la moyo kwa uchache kuliko wanaume wa rika lao kwa sababu miili yao ina akiba ndogo ya madini ya chuma. Aliyeitoa ni Jerome Sullivan, daktari wa Marekani, katika jarida la The Lancet mwaka 1981, wakati ambapo kinga hiyo ilidhaniwa kutokana na homoni ya estrojeni.

Mwili hauna njia maalumu ya kutoa nje chuma kilichozidi, isipokuwa kupunguza kinachofyonzwa tumboni, na ndiyo maana akiba ya mwanamume hupanda kadiri umri unavyosonga hadi kufikia gramu moja hivi. Mwanamke anayepata hedhi huwa na takriban theluthi ya kiasi hicho, kwani kila mililita ya damu inayomtoka huondoka na karibu nusu miligramu ya chuma. Sullivan aliona pia kwamba wanawake waliotolewa mji wa mimba, hata pale ovari zilipobakizwa zikiendelea kutengeneza homoni, hatari yao ya ugonjwa wa moyo iliongezeka. Akahitimisha kuwa kilichopotea ni hedhi yenyewe. Chuma kingi, kwa maelezo haya, huchochea lehemu (kolesteroli) iliyomo kwenye damu iharibike na kuganda katika kuta za mishipa.

Mwaka 1992 watafiti wa Finland waliona kuwa wanaume wenye feritini, yaani kipimo cha akiba ya chuma, ya mikrogramu 200 kwa lita au zaidi walipata shambulio la moyo zaidi ya mara mbili ya wenzao. Lakini Marekani, wagonjwa 1,277 wenye mishipa ya miguu iliyoziba walipofuatiliwa, baadhi yao wakitolewa damu ili akiba ipungue, matokeo ya mwaka 2007 hayakuonyesha kupungua kwa vifo kwa kiwango cha kuaminika. Kwa maoni yangu, nadharia hii inafaa kubaki katika daraja la hoja inayochunguzwa, wala si msingi wa ushauri wa tiba.

Ninasisitiza hivyo kwa sababu ya ninayoyaona Dar es Salaam. Akiba kuwa ndogo ni jambo moja. Kuishiwa damu ni jingine kabisa. Chuma kikikosekana, himoglobini, yaani sehemu ya damu inayobeba hewa, hushuka, na moyo hulazimika kupiga haraka na kusukuma damu nyingi zaidi ili viungo vipate hewa ya kutosha; hali hiyo ikiwa kali na ikidumu, moyo hutanuka na hata kushindwa kazi. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 hadi 2016, asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu, na ukosefu wa chuma ni miongoni mwa sababu zake kuu. Shangazi yangu wa Mbagala alikuwa akipanda ngazi za daladala huku akishika kifua, nasi nyumbani tukasema ni umri, mpaka muuguzi alipomfunua kope la chini na kukuta pameupe kama karatasi. Kwake habari ya kwamba chuma kidogo hulinda moyo ingekuwa hatari tupu.

Alipoulizwa anakula nini, alitaja mchicha na maharage kila siku, na baada ya kila mlo kikombe cha chai ya rangi. Chuma cha mboga na nafaka hufyonzwa kwa shida, na chai inayonywewa pamoja na chakula hukizuia zaidi, ilhali ndimu inayokamuliwa juu ya mboga husaidia kifyonzwe. Akaambiwa ameze vidonge alivyoandikiwa, chai aisogeze mbele saa moja au mbili baada ya kula, na arudi kupimwa himoglobini na feritini kwa pamoja.